Hawa wazima nao walipanda meli?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo daktari. Niko mwaka wa tatu, nataka kutafiti magonjwa ya ini. Nianzie wapi?" Marahaba. Ningemjibu kwa mistari miwili, ila siku hiyohiyo makala yangu ilikubaliwa kuchapishwa baada ya kukataliwa mara nne, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Huku kwetu ziwani ini lina maadui wengi: homa ya ini B, pombe, sumukuvu kwenye mahindi na karanga, na kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo wa kichocho hunasa kwenye vimishipa vya ini, mwili unayazingira, makovu yanajengeka mwaka baada ya mwaka, bandama inavimba, na siku moja mvuvi aliyekuwa anavuta nyavu vizuri tu anatapika damu. Mimi nilitaka kujua kinachoendelea kwenye makovu hayo. Seli za kinga zikizingira yai humwaga kemikali kali za oksijeni. Glutathioni, mlinzi wa seli za ini, ikielemewa, mafuta ya kwenye kuta za seli huchacha kama mafuta ya kula yaliyosahauliwa juani. Hapo ndipo tunasema kuna mkazo wa oksidi. Masalia ya kuchacha huko, malondialdehaidi, ukiyachemsha na asidi ya thiobabituriki yanatoa rangi ya pinki, unaisoma kwenye mashine kwa mwanga wa nanomita 532. Pinki ikikolea, ini limeumia. Ndivyo nilivyoamini.

Wagonjwa wangu walikuwa vijiji vya kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Damu inatolewa asubuhi, inaingia kwenye kuli boksi, bodaboda hadi bandari ya Nansio, meli zaidi ya saa tatu hadi Mwanza, halafu foleni ya magari mjini. Wazima wa kulinganisha nao? Wanafunzi wenzangu hapahapa Mwanza, waliojitolea wakati wa chai, hatua chache kutoka mlango wa maabara.

Matokeo yalitoka mazuri mno. Pengo kubwa! Usiku ule nilimpigia mama simu.

Siku ya kuwasilisha, mama mmoja wa maabara aliyekaribia kustaafu akanyoosha mkono. "Mwanangu, hawa wazima nao walipanda meli?" Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi wangu naye akacheka, yeye aliyeweka saini kila ukurasa wa mpango wa utafiti. Hilo sijalisahau, wala sitajifanya nimelisahau.

Jioni nikafungua friza. Majimaji ya damu za wanafunzi yalikuwa ya manjano, kama mafuta ya alizeti. Ya Ukerewe yalikuwa mekundu, juisi ya rozela kabisa. Chembe nyekundu zilipasuka njiani, na chuma chake kikaendeleza kuchacha humohumo ndani ya chupa. Miezi saba nilikuwa nazishika chupa zile kila siku, rangi naiona, siisomi. Nilikuwa nimepima safari ya meli.

Basi, kijana, andika saa. Saa ya sindano, saa ya kuzungusha damu kwenye mashine ili majimaji yajitenge na chembe, saa ya kugandisha kwa baridi. Mara ya pili nilibeba mashine ya kuzungusha na jenereta hadi kisiwani, nikaweka kemikali ya BHT kuzuia kuchacha zaidi, nikagandisha palepale kwenye nitrojeni ya kimiminika. Wazima nikawachukua kwa majirani wa wagonjwa, chupa zao zikasafiri boksi moja na za wagonjwa. Na andika saa, narudia, kwa sababu ninyi vijana wa sasa mnakimbilia programu ya takwimu kabla hata hamjatazama chupa. Takwimu haiwezi kukuambia kuli boksi liliachwa juani. Wengine mkishajua maneno mawili ya oksidi mnaanza kuuza unga wa "kusafisha ini". Mvuvi mwenye kichocho anahitaji dawa ya prazikwanteli. Acheni.

Pengo la safari hii lilikuwa dogo, dogo la kukatisha tamaa, na mhakiki mmoja aliandika kwamba halivutii. Lakini lilikuwepo, na lilikuwa la ugonjwa. Tasnifu ilichelewa miaka miwili. Wenzangu niliosoma nao wana ofisi zenye zulia.

Mwezi ujao narudi Ukerewe kuchukua sampuli. Ukitaka kuja, njoo na koti, upepo wa kwenye meli si mchezo. Na uje na saa ya mkononi, simu huwa zinazima chaji.