Maswali ya Wasomaji: Upinde Uliotengenezwa kwa Mkono Hujaribiwaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Morogoro, ninasoma Debrecen, Hungaria. Nimejiunga na kikundi cha walenga shabaha wanaotumia pinde za asili, na fundi mmoja wa kijijini yuko tayari kuniuzia upinde wa mtindo wa kale wa Kihungari, ule mfupi wenye ncha zilizopindwa kuelekea mbele. Kwenye mshiko ameandika ratili 45, na anasema nitauzoea baada ya muda mfupi. Amenikubalia niujaribu kabla ya kuulipia. Nianze na lipi, na nitajuaje kuwa upinde ni mzuri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi anayekubali kazi yake ijaribiwe kabla ya malipo amekupa heshima, nawe usiipoteze nafasi hiyo kwa kukimbilia mishale. Katika upinde wa namna hii, mengi unayotaka kuyajua hujitokeza kabla mshale haujagusa ugwe: unapoutazama ukiwa mtupu, unapoutia ugwe, na unapouvuta polepole na kuurudisha. Mishale huja baadaye kuthibitisha yale ambayo macho na mikono imekwisha kuyaona.

Ujue kwanza unashika kitu gani. Wamagyar walioingia bonde la Karpati mnamo mwaka 895 walikuwa wapanda farasi, na upinde wao ulikuwa mfupi ili uweze kuvushwa juu ya shingo ya farasi bila kukwama. Ulijengwa kwa tabaka: mti katikati, pembe upande unaomwelekea mrushaji, na kano za mnyama upande unaoelekea shabaha, vyote vikishikwa kwa gundi ya asili. Pembe hustahimili kubanwa na kano hustahimili kunyooshwa, na ndiyo sababu upinde mfupi hivyo uliweza kuvutwa mbali bila kuvunjika. Katika makaburi ya zama hizo, kilichobaki zaidi ni vibao vya mfupa na pembe ya paa vilivyoimarisha mshiko na ncha. Pinde nyingi zinazouzwa leo Hungaria zimehifadhi umbo hilo tu, kwa maana ndani yake kuna mti uliowekewa faiba pande zote mbili, faiba ileile inayotengenezewa boti, kisha upinde wote ukavikwa ngozi. Hilo si udanganyifu, bali ni uamuzi wa busara kwa anayejifunza, ila muulize fundi wazi ni nini kilichomo, kwa kuwa bei na matunzo hutegemea jibu lake.

Ngozi hiyo nzuri ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi ninapokagua upinde wa mtu, kwa sababu huficha. Pitisha dole gumba taratibu kwa kukandamiza, kutoka mshikoni hadi nchani, pande zote mbili za kila bawa, nikiita mabawa zile sehemu mbili zinazopinda. Ukisikia pahali pameinuka, panabonyea, au panatoa mlio mdogo mkavu, huenda tabaka zimeanza kubanduka. Kaa zaidi pale ambapo bawa linaungana na ncha ngumu. Kiungo hicho hubeba mzigo mkubwa, nami sijawahi kumsamehe fundi aliyekifanya kwa haraka.

Baada ya hapo mwombe fundi autie ugwe mwenyewe huku ukiangalia. Usijaribu peke yako kwa mara ya kwanza. Upinde wa aina hii, ukiwa haujatiwa ugwe, hujikunja kuelekea upande ulio kinyume na ule utakaokunjwa, na wageni wengi huutia ugwe kinyumenyume na kuupasua papo hapo. Ukishatiwa ugwe, ushike wima, weka jicho karibu na ncha ya juu, na tazama kwa kufuata ugwe kuelekea chini. Ugwe unatakiwa kupita katikati ya mabawa yote mawili na katikati ya mshiko. Ikiwa ncha mojawapo imelala upande, hata kwa upana wa ukucha, mrudishie fundi airekebishe mbele yako, maana ncha iliyolala inaweza kuuachia ugwe wakati umeuvuta, na hapo upinde hujigeuza kwa nguvu ambayo uso wako hautapenda kukutana nayo. Pima pia nafasi kati ya ugwe na mshiko. Kwa pinde nyingi za umbo hili huwa kati ya inchi 6 na 7, lakini kipimo anachokupa fundi ndicho cha kufuatwa.

Sasa vuta polepole, bila mshale, kisha urudishe polepole vilevile. Kamwe usiuachie ugwe bila mshale, kwa kuwa nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo hubaki ndani ya upinde na kuupasua. Sikiliza kwa makini. Ugwe kulalamika kidogo unapojiinua kutoka kwenye ncha ni kawaida, ila mlio kama wa ukuni mkavu si kawaida. Pia uusikilize uzito wake mikononi. Ncha zilizopindwa hazipindi hata kidogo, bali hufanya kazi ya wenzo: mwanzoni uzito hupanda haraka, lakini ncha zinapoanza kufunguka zinakusaidia, na uzito unaendelea kupanda kwa upole hadi mkono ufike shavuni. Ukihisi kwamba zile inchi mbili za mwisho zimegeuka ukuta, basi ama mabawa ni mafupi mno kwa urefu wa mikono yako, ama ncha zimewekwa kwa pembe isiyofaa. Huo hautakuwa upinde wako, hata kama umepambwa vizuri namna gani.

Kuhusu zile ratili 45, niruhusu nisikubaliane na fundi. Uzito ulioandikwa hupimwa, kwa desturi, ugwe ukiwa umevutwa hadi inchi 28. Wewe ukivuta pungufu utabeba pungufu, ukivuta zaidi utabeba zaidi, kwa takriban ratili 2 au zaidi kwa kila inchi. Chukua mizani ya ndoano, ile inayotumika kupimia samaki sokoni, ning'iniza upinde kwa ugwe wake, uvute chini hadi urefu wako halisi, na usome. Nilifanya hivyo kwa upinde wa Kihungari niliokuwa nikiujaribu kwa ajili ya safu hii, ambao fundi wake alikuwa ameandika 40. Mizani ikasoma 43. Kwa kazi ya mkono tofauti hiyo haishangazi, lakini kwa mwanafunzi ratili 3 ni nyingi.

Ratili 45 ni zaidi ya kilo 20 zinazobebwa na misuli ya mgongo na vidole, tena na tena, alasiri nzima. Wazee wa Kiwaata, jamii ya wawindaji kule Tsavo, walivuta pinde ndefu zinazozidi ratili 100, lakini mikono yao ilikua pamoja na kazi hiyo. Anayeanza na uzito unaomzidi hujifunza kuachia mapema, kuinua bega na kukwepa maumivu, na tabia hizo huchukua muda mrefu kuziondoa. Nakushauri ratili 25 hadi 30. Mwombe fundi akutengenezee wa uzito huo kwa umbo lilelile, na kama ni mtu wa kazi yake hatakasirika.

Ukifika kwenye mishale, simama mita 10 tu kutoka kwenye shabaha kubwa na usihesabu alama. Angalia kama mishale inalala pamoja, na uhisi mkono ulioshika upinde baada ya kuachia. Upinde ule wa ratili 43 ulikuwa mtulivu na mwepesi wa kurudi, na mishale ilitoka kwa kasi iliyonifurahisha, lakini ncha zake zilikuwa nzito kidogo, na kila mshale ulipoondoka mtikisiko ulishuka hadi kwenye kiwiko. Kwa mtu aliyezoea, hilo ni jambo la kuvumilika. Kwa kijana anayetaka kufanya mazoezi kila Jumamosi ningemwomba fundi azichonge ncha ziwe nyembamba zaidi. Mshiko wake ulikuwa mzuri mno. Fundi alikuwa ameujaza kiganjani na kuupunguza kwenye upande wa dole gumba, kiasi kwamba mkono ulirudi mahali palepale bila kutafuta. Kitu kidogo kama hicho ndicho ninachokitafuta ninapolipia kazi ya mkono, maana mashine hutoa mshiko mmoja kwa watu wote.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Kaka yangu ameniletea upinde wa mtindo wa Kituruki wa ratili 30 kutoka Istanbul. Ninatumia mkono wa kulia, navuta kwa vidole vitatu, na nilinunua mishale ya kaboni ya mtu aliyekuwa akitumia upinde wa mashindano. Kila mshale unakwenda kushoto, na manyoya yananikata juu ya mkono. Je, nimeletewa upinde mbovu?

JIBU: La, dada yangu, kwa maelezo yako upinde hauna hatia. Upinde wa kisasa wa mashindano umekatwa katikati ya mshiko ili mshale upite karibu na mstari wa ugwe, na una mahali maalumu pa kuulaza mshale. Wako hauna kimojawapo. Mshale unalala juu ya ngumi yako, umeegemea ubavu wa upinde, na kwa hiyo tangu mwanzo umeelekea kushoto. Ili ufike katikati ni lazima, wakati wa kuondoka, ujipinde na kuuzunguka mshiko kisha ujinyooshe. Mishale uliyonunua ni migumu mno kwa kazi hiyo. Haijipindi vya kutosha, hivyo inabaki na mwelekeo wake wa kushoto. Tafuta mishale laini zaidi, ya mti au mianzi ikiwezekana, au ya kaboni ya daraja laini. Vilevile, mshale ukiwa mrefu zaidi au ukiwekwa chembe, yaani ncha ya mbele ya mshale, iliyo nzito zaidi hujipinda kwa urahisi zaidi.

Kuna jambo la usalama hapo pia. Mishale ya kaboni mara nyingi ni myepesi, na mshale mwepesi mno huukaribisha upinde kwenye hali ya kuachiwa mtupu. Kwa upinde wako wa ratili 30, ningependa mshale mzima, pamoja na chembe yake, uwe na gramu 16 hadi 19. Ni kweli kwamba Waturuki walitumia mishale myepesi sana waliposhindania umbali kwenye uwanja wa Okmeydanı, na mwaka 1795 Mahmud Efendi, katibu wa ubalozi wa Uturuki, aliwashangaza Waingereza jijini London kwa kurusha mshale yadi 482, ambazo ni takriban mita 440. Lakini huo ulikuwa mchezo wa pekee wenye pinde zake na mishale yake, na si jambo la kuigwa kwenye upinde wa mazoezi.

Kuhusu mkono wako, tazama mwanzo wa kila unyoya, pale uti wake unapoanzia upande wa chembe. Ukiupapasa kwa kidole utahisi ncha ndogo kali, na ndiyo inayochana ngozi kila mshale unapopita. Ichonge iwe mteremko, uizungushie uzi mwembamba kwa mizunguko iliyobanana, upake gundi kidogo na uiache ikauke. Kama mishale yako ina mabawa ya plastiki badala ya manyoya, yabadilishe, maana plastiki hailali inapogusa mkono, bali husukuma mshale pembeni.

Ukipata mwalimu, jifunze pia kuvuta kwa dole gumba lenye pete, kama pinde hizi zilivyokusudiwa. Upinde mfupi unapovutwa kikamilifu ugwe hufanya pembe kali, na vidole vitatu hubanana juu ya mkato wa mshale. Ukivuta kwa dole gumba, mshale hulazwa upande wa kulia wa upinde, na ushauri nilioutoa kuhusu kushoto unageuka: mshale mgumu mno utakwenda kulia.

SWALI: Ndugu Mwandishi, ninaishi Maskati na ninatarajia kurudi Unguja. Nimeagiza kutoka Korea upinde halisi wa pembe na kano. Utastahimili hali ya hewa ya kwetu?

JIBU: Ndugu yangu, upinde huo umetengenezwa kwa pembe ya nyati wa majini, mianzi, kano na gundi ya samaki, na gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Ukilowa, mabawa hulegea, umbo hupotea, na mwishowe tabaka hubanduka. Wakorea wenyewe huuhifadhi ndani ya kabati lenye joto la wastani ili ubaki mkavu, na huutia ugwe kwa uangalifu mkubwa kila wanapotaka kuutumia. Maskati, ndani ya chumba kikavu, unaweza kuutunza vizuri, mradi usiuache hata kidogo ndani ya gari mchana, kwa sababu joto la humo huilegeza gundi. Unguja, hasa wakati wa masika, sikushauri uutumie nje. Uweke kwenye sanduku linalofungwa vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, ukiwa umetolewa ugwe, na kwa mazoezi ya kila wiki nunua mwingine wa umbo hilohilo uliotengenezwa kwa faiba. Ule wa pembe ukiutoa sandukuni baada ya muda mrefu, usiutie ugwe siku hiyo hiyo; mwombe anayezijua pinde hizo azitazame ncha kama zimebaki kwenye mstari mmoja, na azirekebishe kwa joto dogo kabla haujavutwa.