Hiroshima na Miyajima kwa siku moja: usiruke makumbusho, na ufuate maji

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mtu aliyefikia Osaka anaweza kuiona Hiroshima na kisiwa cha Miyajima kwa siku moja, na kama ni vibaya kuyaruka makumbusho ya bomu la atomiki kwa kuwa uko likizo na hutaki kujiharibia raha. Siku moja inatosha, tena vizuri, ukiamka mapema. Makumbusho usiyaruke. Na maji ya bahari uyafuate, maana lango maarufu la Miyajima limesimama baharini: yakipwa unalifikia kwa miguu, yakijaa linazungukwa. Nitakusimulia siku yetu ilivyokwenda, uone kwa nini nasema hivyo.

Tulikuwa wawili, mimi wa Tanga na mwenzangu wa Lubumbashi niliyefahamiana naye kwenye mafunzo ya kazi kulekule Osaka. Tulipanda shinkansen, treni ya mwendo kasi, ya alfajiri kutoka Shin-Osaka, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Nauli ni kali, zaidi ya yeni 10,000 kwenda tu. Kama una JR Pass, ile tiketi ya watalii ya treni za Japani, itumie hapa, ila treni iitwayo Nozomi itakudai pesa ya ziada, Sakura na Hikari hazidai. Ukifika stesheni ya Hiroshima chukua tramu namba 2 au 6 hadi Genbaku Dome-mae. Ukishuka tu, gofu la jengo lililobaki baada ya bomu liko mbele ya macho yako.

Jengo lile lilikamilika mwaka 1915, ramani yake ikiwa ya msanifu wa Kicheki, Jan Letzel. Bomu lililipuka angani, kama mita 600 kutoka ardhini, karibu juu ya jengo hilo kabisa, na kwa sababu nguvu ilishuka kutoka juu, baadhi ya kuta zilibaki wima wakati mtaa mzima ulifyekwa. Tulikuwa bado tumesimama pale ilipofika saa 2:15 asubuhi, mnara wa saa wa bustani ukalia. Hulia kila siku dakika hiyo, ndiyo dakika bomu lilipolipuka tarehe 6 Agosti 1945. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani aliegemeza ufagio kwenye benchi, akavua kofia, akasubiri sauti ikome, kisha akaendelea na kazi yake. Sisi hatukujua la kusema.

Makumbusho kiingilio chake ni yeni 200, na asubuhi ndiyo wakati wake, kabla makundi ya wanafunzi hayajajaa. Mle ndani kuna kitu kimoja nilishindwa kukipita: baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto Shinichi, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Alikuwa anaichezea nje ya nyumba yao bomu lilipolipuka, akafa. Baba yake alimzika uani pamoja na baiskeli hiyo, maana aliona mtoto ni mdogo mno kulazwa peke yake kaburini mbali na nyumbani. Mwaka 1985 ndipo alipofukua mifupa akaihamishia kwenye kaburi la familia, na baiskeli akaikabidhi makumbusho. Kutu imeila yote. Inakadiriwa watu 140,000 walikuwa wamekufa hadi mwisho wa mwaka 1945, lakini namba hiyo sikuielewa mpaka niliposimama mbele ya kile chuma.

Kwenye maelezo ya jinsi bomu lilivyoundwa, mwenzangu alisimama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Ile majiwe ilitokaka kwetu." Ni kweli tupu. Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, si mbali na Likasi. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ilikuwa imeshapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, zikawekwa ghalani Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Waliochimba walikuwa Wakongo. Kwa hiyo mkuu, anayesema makumbusho yale ni habari za watu wa mbali, mimi namkatalia. Ni habari zetu pia, na kule tunakoongea Kiswahili ndiko sehemu yake moja ilikoanzia.

Nje, kwenye bustani, kuna Moto wa Amani uliowashwa mwaka 1964, ambao utazimwa siku silaha za nyuklia zitakapokwisha duniani. Uutazame vizuri, kwa sababu moto mmojawapo uliowashia ule uko juu ya mlima Misen, Miyajima. Ndiyo maana nasema sehemu hizi mbili zifanywe siku moja.

Tulikula okonomiyaki ya haraka mjini, ya Kihiroshima, inayopangwa tabaka kwa tabaka: unga, kabichi nyingi, tambi, yai. Huwekwa nyama ya nguruwe bila kuuliza, kwa hiyo kama huli, sema mapema "buta nashi". Kisha treni kama nusu saa hadi Miyajimaguchi na kivuko dakika 10. Kuna kodi ya mgeni yeni 100.

Kisiwani kulungu wanatembea kama mbuzi wa mtaani. Mmoja alimnyofoa mwenzangu ramani mkononi akaitafuna mbele yetu, akabaki anatutazama. Tukapanda mlimani kwa magari ya kebo, halafu tukatembea kama nusu saa hadi kwenye kibanda kiitwacho Reikado. Inaelezwa kwamba mtawa wa Kibudha Kukai aliwasha moto pale mwaka 806 na haujazimika hadi leo. Ndani pameiva kwa moshi, birika kubwa la chuma liko juu ya magogo, na ukitaka unachota maji ya moto unakunywa. Mwenzangu alikunywa vikombe viwili. Baada ya yale ya asubuhi, kuona moto huohuo unachemsha maji ya wageni kulinipa faraja ambayo sikuitarajia.

Hapo radi zikaanza, na magari ya kebo yakasimamishwa. Ikabidi tushuke kwa miguu, njia ya hekalu la Daishoin, ngazi za mawe zisizoisha, mvua inatunyeshea. Mzee na mkewe tulioongozana nao walikuwa na fimbo mbili, wakatuazima moja tukawa tunapokezana. Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji lilikuwa kwenye simu yangu, nami nilijua maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakishaanza kurudi hayamsubiri mtu.

Tulifika ufukweni maji yameanza kujaa lakini bado kuna njia. Tukavua viatu, tukakanyaga tope na mwani hadi chini ya lango lenyewe, torii, lango la mahali patakatifu pa Kishinto. Lililopo sasa ni la mwaka 1875, urefu wake karibu mita 17, na nguzo kuu ni magogo ya mti wa kafuri. Halikuzikwa ardhini. Limesimama kwa uzito wake tu, na boriti ya juu imejazwa mawe. Nimekulia pwani, lakini jengo la namna hiyo linalostahimili kupwa na kujaa sijaliona kwingine. Maji yalipofika magotini tukatoka, tukala chaza wa kuchoma mpaka lango likabaki ndani ya bahari.

Panga hivi: makumbusho asubuhi, kisiwa mchana, na siku uichague kwa maji. Jedwali likionyesha maji chini ya sentimita 100 unatembea hadi langoni, juu ya 250 lango linaonekana kama linaelea. Siku za bamvua maji hupwa alasiri na kujaa usiku, kwa hiyo unaanza kwa miguu na ukikawia kidogo unaona yanavyolizunguka. Mlimani panda mapema, na stesheni ya Hiroshima uwe umefika kabla ya saa tatu usiku. Ukiweka tarehe zako hapa nitakuangalizia maji yatakuwaje.