Kipande cha babu, barua ya Mfungo Tatu na nyuki wa Tanga

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi mradi za historia

Shikamooni. Nasoma kidato cha tatu hapa Tanga mjini. Mradi wangu unahusu maisha ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge. Nyumbani kuna kipande cha marehemu babu, kadi ya kazi iliyochakaa kidogo, na bibi yupo, anakumbuka mengi. Mwalimu anataka tuchambue vyanzo vya awali, yaani vitu na maneno ya watu waliokuwepo. Nimeikodolea macho kadi siku mbili, sijui niandike nini.

Marahaba, mwanetu. Kadi hiyo ina mengi ya kusema, ila usianze kwa kutafuta maana yake. Anza kwa kuiandika ilivyo. Kaa dirishani kwenye mwanga, shika rula, na kwa nusu saa nzima andika unachokiona tu: urefu na upana kwa sentimita, lugha iliyotumika, kipi kimepigwa chapa na kipi kimeandikwa kwa mkono, ni miandiko mingapi, mihuri iko wapi, visanduku vingapi vimetiwa alama na vingapi vitupu. Geuza na nyuma. Wengi wanaharibu kazi hapa hapa: wanarukia "ukoloni ulikuwa wa kinyonyaji", sentensi ambayo mtu angeweza kuiandika hata kama hajawahi kuiona kadi yenyewe.

Kama tarehe imefutika, kadi bado inaweza kujitaja umri. Jina Tanganyika lilianza kutumika rasmi mwaka 1920, kwa hiyo karatasi yenye jina hilo haiwezi kuwa ya enzi za Mdachi, yaani Mjerumani. Mshahara ukitajwa kwa rupia na heller, uko kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Likiwepo jina Tanzania, uko mwishoni mwa 1964 au baadaye.

Sasa njoo kwenye kazi ya kadi yenyewe. Kipande kilikuwa hesabu ya siku 30 za kazi. Siku ilihesabiwa pale tu msimamizi alipotia alama, na mshahara ulisubiri alama zitimie. Fikiria hilo taratibu. Kadi ilikaa mfukoni mwa babu, lakini sauti iliyomo ni ya mwajiri. Inakueleza siku ambazo mwajiri alizikubali. Mtu aliyeamka alfajiri, akakata mkonge hadi jua likamchosha, asimalize kazi aliyopangiwa, aliweza kurudi kambini bila alama. Kisanduku kitupu kinaweza kuwa homa, msiba, kugoma, au kazi iliyokataliwa, na kadi haitakuambia ni kipi.

Hapo ndipo unamhitaji bibi. Usimuulize "Babu aliteswa, sivyo?", maana atakuitikia kwa upole na utakuwa umejijibu mwenyewe. Muulize hivi: "Bibi, mwezi ulipokwisha na kipande hakijajaa, mlikula nini?" Kila anachosema, weka alama pembeni ya daftari: M kwa alichokiona kwa macho yake, S kwa alichosimuliwa na babu. Vyote vina thamani, ila havibebi uzito mmoja. Tarehe usimdai; mtajie tukio. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Mashamba yalikuwa yameshataifishwa, baada ya Azimio la Arusha la 1967? Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu, na ukinukuu acha maneno yake yalivyo. Akisema "korona", andika korona, kisha eleza kwamba ndiyo mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi. Ukimgeuzia lugha iwe ya kitabu umeshamnyang'anya ushahidi.

Na tunakuomba sana: kadi hiyo usiipeleke stationari ikafungwe kwa plastiki ya moto. Joto na gundi haviondoki tena kwenye karatasi. Selotepu nayo huacha doa la kahawia. Ipige picha mbele na nyuma ukiwa umeweka rula kando yake, kisha iweke ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

Mimi ni mwalimu wa historia wilayani Pangani. Wanafunzi wangu wamekusanya maelezo ya Vita vya Tanga vya 1914, kati ya Waingereza na Wadachi, na yanapingana, hasa kuhusu nyuki walioingilia mapigano. Wanataka niwaambie yupi ni mkweli.

Mwalimu, wasaidie kwanza kulibadilisha swali. Wachore jedwali lenye safu nne: nani anasema, alikuwa wapi siku ile, aliandika lini, alimwandikia nani. Jedwali likijaa, ubishi mwingi utajipanga wenyewe.

Chukua von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wadachi. Alikuwepo, lakini kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1920, Ujerumani ikiwa imeshashindwa na kupoteza koloni. Aliandika kama mshindi wa Tanga kwa watu walioshindwa vita vizima. Msomaji aliyekuwa mbele yake alihitaji kusikia ushindi. Mchukue na Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi wa Waingereza. Naye alikuwepo, lakini shajara yake ya vita ilitoka kitabuni mwaka 1960, na watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba sehemu za maandishi yake hazikuandikwa siku zile anazodai. Mtu huyohuyo alibainika kughushi taarifa za ndege aliowapeleka makumbusho. Hapa wanafunzi wajifunze jambo zito: neno "shajara" juu ya jalada si hakikisho kwamba wino ulikauka siku ileile.

Kuhusu nyuki: walikuwepo, waliuma watu wa pande zote mbili, na waliwavuruga sana askari wa Kihindi waliokuja na Waingereza. Maelezo kwamba Wadachi waliwatega kusudi yalivuma upande wa Waingereza baada ya kushindwa. Msiyatupe. Hayafai kueleza mzinga wa nyuki ulivunjikaje, lakini yanafaa sana kueleza namna jeshi la watu wapatao 8,000 lilivyotafuta sababu ya kushindwa na watu wapatao 1,000. Chanzo kibovu kwa swali moja huwa kizuri kwa swali jingine.

Penye imara ni pale maadui wawili wanapokubaliana juu ya jambo linalomwaibisha mmoja wao. Kwamba Waingereza walirudi melini tarehe 5 Novemba wakiacha silaha nyingi ufukweni, halina mbishi. Kisha waulize wanafunzi: katika jedwali, safu ya wapagazi iko wapi? Ya askari Waafrika? Ya watu wa Tanga waliokuwa na nyumba zao mjini risasi zikipita? Pengo hilo waliandike kwenye mradi kama matokeo ya utafiti, wala wasilionee haya.

Tumepata barua ya zamani ya familia kwa herufi za Kiarabu, lugha ni Kiswahili. Shehe ametusomea tarehe: Mfungo Tatu 1322. Nimeandika 1904. Ni sahihi?

Umekosea kidogo, na kosa lenyewe ni la kawaida. Kupata mwaka kwa haraka, zidisha wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Hapa unapata 1904 na ushei. Lakini mwaka 1322 ulianza Machi 1904 na kuishia mwanzoni mwa Machi 1905, na Mfungo Tatu ndio mwezi wake wa mwisho. Barua yenu ni ya Februari 1905, au siku za mwanzo za Machi. Ikitaja siku, kumbuka pia kwamba "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya zamani ni Alhamisi baada ya magharibi.

Katika usomaji, mwombeni shehe asome mara mbili, siku tofauti. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja, be, kwa sauti za b, p na mb. Neno lilelile linaweza kuwa bata, pata au mbata (nazi kavu), na katika barua ya biashara ya nazi tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Palipo na shaka, andikeni kila usomaji unaowezekana.

Kitabu cha historia cha shule ni chanzo cha awali?

Kwa swali la kilichotokea 1914, hapana. Kwa swali la watoto wa mwaka kilipochapwa walifundishwa nini kuhusu 1914, ndiyo.

Vyanzo vingapi vinatosha?

Kwa mradi wa kurasa kumi, vitatu vya aina tofauti: kitu kimoja, maandishi mamoja, masimulizi mamoja. Chini ya kila kimoja andika ni kitu gani, cha nani, kimehifadhiwa wapi na ulikiona lini, kwa mfano: "Kipande cha kazi, mali ya familia, Tanga; kimeonwa na kupigwa picha na mwandishi," kisha tarehe.