Waliposema "hali imetulia", walimaanisha nini?

Maswali ya mwezi huu yamejibiwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU).

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mwezi Machi alilazwa hospitali akiwa na kidonda cha mguu kilichotokana na kisukari, na tuliambiwa kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu. Siku ya pili alihamishiwa ICU, nami ndiye niliyetia saini fomu ili awekewe mashine ya kupumulia, kwa kuwa kaka yangu alikuwa safarini Geita. Siku ya tatu na ya nne muuguzi alituambia mlangoni kwamba hali imetulia. Tulifurahi, tukamtumia baba mdogo ujumbe kule Nansio kwamba asiwe na haraka ya kuja. Nilipoingia kwa dakika chache nilimwona muuguzi akiinama kuangalia mfuko wa mkojo kisha kuandika, nikadhani anakagua usafi tu. Siku ya tano daktari ambaye hatukuwahi kumwona alituita koridoni, akasema figo zimefeli, tujiandae. Baba alifariki usiku uleule, baba mdogo akiwa bado anasubiri meli. Sasa kaka anasema kwamba ningekataa mashine baba angekuwa hai, kwa sababu kila mtu anajua ukishawekewa oksijeni ndiyo basi. Je, walitudanganya? Na je, ni mimi niliyemuua baba yangu?
Binti wa Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hukumuua baba yako. Vijidudu vinaposambaa katika damu, mwili hupambana navyo kwa namna ambayo hatimaye huuumiza wenyewe: presha hushuka, mapafu hulemewa, figo hukosa damu ya kutosha. Mtu aliyefikia hapo hupumua kwa nguvu zake zote mpaka misuli ya kifua inachoka, na mashine huletwa ili ifanye kazi ambayo misuli hiyo haiwezi tena. Haiponyi kidonda wala haiui vijidudu. Kazi yake ni kununua muda ili dawa zifanye kazi. Wakati mwingine muda huo hutosha, na wakati mwingine ugonjwa hushinda hata hivyo. Imani kwamba oksijeni ndiyo inayoua nimeikuta katika kila familia niliyowahi kuihudumia huku Kanda ya Ziwa, na naelewa ilikotoka: watu wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamezidiwa, oksijeni inakuwa kitu cha mwisho ambacho ndugu wanakiona usoni mwa mgonjwa, basi lawama inaangukia hapo. Mwambie kaka yako kwamba kama ungekataa kutia saini, kwa maelezo uliyonipa, yaelekea baba asingeifikia hiyo siku ya tano.

Sasa kuhusu kudanganywa. Sijaliona faili la baba yako, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu matibabu yenyewe. Ninachoweza kukueleza ni yale maneno mawili, "hali imetulia", kwa kuwa nami niliyasema mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni na glavu mkononi, bila kufikiria yanapokelewaje upande wa pili. Muuguzi akisema hivyo, kwa kawaida anamaanisha kwamba namba zilizo kwenye skrini hazijabadilika sana tangu zamu iliyopita: presha iko pale ilipokuwa, oksijeni iko pale ilipokuwa. Hasemi kwamba mgonjwa anapona. Presha hiyo huenda imeshikiliwa na dawa inayoingia tone kwa tone, na oksijeni imeshikiliwa na mashine, kiasi kwamba ukiviondoa kwa dakika chache tu kila kitu kinaporomoka. Kwa ndugu aliyelala kwenye mkeka nje ya wodi, "imetulia" ni neno la nyumbani. Mtoto aliyekuwa na homa akitulia, mama anakwenda kupika. Ninyi mlisikia habari njema, mkamwambia baba mdogo asiharakishe. Hakuna aliyekusudia kuwadanganya, lakini mliachwa mkiamini jambo ambalo waliokuwa ndani hawakuliamini, na hilo ni kosa. Sitalipunguzia uzito.

Umetaja ule mfuko wa mkojo, nami nataka tusimame hapo kidogo. Yule muuguzi hakuwa anakagua usafi. Alikuwa anapima. Mtu mzima anatarajiwa kutoa mkojo usiopungua nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Kwa mwanamume wa kilo 70 hiyo ni mililita 35, yaani kama vijiko saba vya chai. Ikishuka chini ya hapo saa baada ya saa, figo zinatoa taarifa kwamba zinaelemewa. Kwa hiyo habari uliyopewa koridoni siku ya tano yaelekea ilikuwa inaandikwa mbele ya macho yako tangu siku ya tatu au ya nne, kwa kalamu, kwenye ile karatasi kubwa iliyo miguuni pa kitanda. Sentensi moja ingetosha: "Presha ya mzee haijabadilika, lakini mkojo unapungua, na hilo linatutia wasiwasi, kama kuna ndugu aliye mbali, aje." Baba mdogo angepanda meli.

Nikwambie pia kwamba hamkuwa wazito wa kuelewa. Huko Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba takriban nusu ya ndugu waliokwisha kuzungumza na daktari wa ICU hawakuwa wameelewa ama ugonjwa, ama matibabu, ama matarajio ya kupona. Hao ni watu waliopewa maelezo. Ninyi mlipewa maneno mawili mlangoni.

Ushauri wangu ni kwamba wewe na kaka yako mwende pamoja, na baba mdogo kama anaweza, mkaombe kuonana na daktari aliyemtibu marehemu. Mnaruhusiwa kuomba hata baada ya mazishi. Mkipata ugumu, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali au kwa mganga mfawidhi, mseme mnataka kuelezwa, hamkuja kushitaki. Kaka yako hakuwepo fomu ilipotiwa saini, na nadhani hasira yake nyingi inatokana na kutokuwepo huko. Ayasikie maelezo kwa masikio yake mwenyewe, yasimfikie kupitia wewe.

Kwa msomaji ambaye mgonjwa wake yuko ICU leo: ukiambiwa hali imetulia, usiishie kushukuru. Uliza kama mashine na dawa za kupandisha presha zimepunguzwa au zimeongezwa tangu jana, kwa sababu jibu la swali hilo linaeleza mgonjwa anaelekea wapi kuliko namba yoyote ya skrini. Kisha uliza ni jambo gani linalomtia daktari wasiwasi zaidi siku hiyo. Ni vigumu kulijibu swali hilo kwa maneno mawili.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa ICU huku Musoma. Usiku tunakuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa sita. Ndugu wanafika kumi kwa mara moja, kila mmoja anataka aelezwe upya, na wengine wanapiga simu kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Nikimweleza shangazi, kesho mjomba anasema nilisema vingine. Nifanyeje bila kuonekana nina kiburi?
Muuguzi, Musoma

JIBU: Mwanangu, najua uzito wa usiku wa namna hiyo, na ukweli ni kwamba wauguzi wawili hawatoshi. Lakini hata mngekuwa wanne, kuzungumza na watu kumi mmoja mmoja kungewashinda. Siku ya kwanza kabisa, mgonjwa anapopokelewa, iombeni familia ichague msemaji mmoja na msaidizi wake, na jina lake na namba yake ya simu viandikwe ndani ya faili. Familia zetu zimezoea jambo hilo. Kwenye posa na kwenye msiba kuna mshenga au mzee anayesema kwa niaba ya wote. Msemaji huyo ndiye atakayewapa ukoo habari, hata kwenye kundi la WhatsApp. Halafu mpangieni saa. Ndugu anayejua kwamba saa nane mchana, baada ya madaktari kupita raundi, ataketi na mtu na kuelezwa, hatagonga mlango saa tano usiku mara nne. Mkimaliza kumweleza, andikeni mliyomweleza, ili wa zamu inayofuata aanzie hapo. Mjomba akija na maneno yake, unafungua faili.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwetu, kwa sababu tumefundishwa kueleza. Mwaka 2007 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika ICU 22, uliohusu familia za wagonjwa 126 waliokuwa wanakaribia kufa. Familia zilizopewa kikao kilichoandaliwa vizuri, pamoja na kijitabu cha maelezo, zilikaa na madaktari kwa dakika kama 30, na ndugu wenyewe walizungumza kwa dakika 14. Kwa familia zilizohudumiwa kwa njia ya kawaida kikao kilichukua dakika 20, ndugu wakazungumza dakika 5 tu. Baada ya siku 90, asilimia 69 ya waliokuwa katika kundi hili la pili walikuwa na dalili za mshtuko wa kisaikolojia, ilhali katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 45. Tofauti ya muda ilikuwa dakika kumi, na karibu zote zilikwenda kwa ndugu. Kwa hiyo kabla hujaeleza chochote uliza, "Mmeambiwa nini mpaka sasa?" kisha nyamaza. Ukisikia wakisema mgonjwa anarudi nyumbani Jumatatu, utajua pa kuanzia. Waulize pia mgonjwa ni mtu wa namna gani, anaitwaje nyumbani, anapenda nini. Nakuomba sana usitoe habari ya kifo ukiwa umesimama koridoni. Viti vitatu nyuma ya pazia vinatosha.

SWALI: Bibi yetu, mama wa mgonjwa, anatoka kijijini Sengerema na hasikii Kiswahili vizuri. Mimi ndiye ninayemtafsiria daktari kwa Kisukuma, na nikiri kwamba yale mabaya nayaruka. Je, ninakosea?
Mjukuu, Nyegezi

JIBU: Unakosea kwa upendo, lakini unakosea, na mzigo huo si wako kuubeba. Waombe wauguzi wakutafutie mtumishi anayezungumza Kisukuma. Huku Mwanza hawakosekani. Wewe keti karibu na bibi kama mjukuu wake. Yeye amezika watu kuliko wewe, na pengine ana maneno anayotaka kumwambia mwanawe. Aruhusiwe kuyasema hata kama mgonjwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba hasikii. Kabla hajaingia, mwelezeni kwamba uso umevimba kwa ajili ya maji ya dripu, kwamba mpira ulio mdomoni unapita kwenye nyuzi za sauti ndiyo maana mwanawe hawezi kumjibu, na kama mikono imefungwa kwa kitambaa, kwamba ni ili asiuvute mpira huo. Asiyakute hayo kwa ghafla.