Maswali ya Miwaridi: Chumvi, Chokaa na Salfa

*Shikamoo bibi. Nimejenga Shangani, Mtwara, bahari naiona dirishani. Nataka miwaridi, na pembeni ua wa kijani mwaka mzima. Nianze na kipi?*

Marahaba mwanangu. Anza na ua. Upepo wa bahari huja na chumvi, na jani la mwaridi likiipata mara kwa mara huungua kingoni. Ukipanda vyote siku moja, miwaridi itateseka kabla ua haujanyanyuka.

Minyaa haidai maji, lakini utomvu wake ukimwingia mtoto jichoni ni mbio za hospitali. Mchongoma unazuia mbuzi na mwizi, ila usipoupunguza utakumeza wewe mwenyewe. Mimi hupenda mhina: hukatika vizuri, hustahimili jua, na harusini hukosi majani. Kiangazi unyweshe kidogo usije ukapukutika.

Kati ya ua na mstari wa kwanza wa miwaridi acha mita moja, maana mizizi ya ua ni mwizi. Mvua za Desemba zikikolea, chimba mashimo ya sentimita 50 kwenda chini na upana huohuo, changanya udongo na samadi iliyooza. Iliyooza, nasema, mbichi inaunguza. Na mchanga wa ufukweni uache hukohuko.

*Mwaridi wangu wa Mikindani una majani ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nimetia urea, wapi!*

Umeupanda ukutani? Nilishaona wa namna hiyo chini ya ukuta wa zamani wa matumbawe. Nilifukua kwa kijiko, nikakuta vipande vyeupe vinavunjika vidoleni kama unga: chokaa ya plasta iliyodondoka miaka na miaka. Chokaa hufanya madini ya chuma yasinywewe na mizizi, basi jani linapauka. Urea haitibu hilo. Uhamishe, au uoteshe mpya kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa, yenye udongo wa mbali na ukuta.

*Bibi, huku Newala majani machanga ya miwaridi yangu sita yamepata unga mweupe. Salfa ya mikorosho imebaki, niitumie?*

Itumie. Huo ni ubwiriunga; kuvu wake si yuleyule wa korosho, lakini salfa inawamudu wote. Usiwashe bomba la kupulizia kwa miche sita! Tia salfa kwenye soksi kuukuu, funga pua, igonge kwa kijiti juu ya majani asubuhi na mapema. Jua kali likiikuta salfa, jani linaungua. Kisha toa matawi yaliyosongamana katikati, hewa ipite.

*Maganda ya korosho yanafaa kufunika shina?* (Lindi)

Hapana, mafuta yake yanababua. Tumia makumbi ya nazi au maganda ya karanga.

*Binti yangu anaolewa katikati ya Septemba, nataka mawaridi ya kikuba. Nipogoe lini?*

Hongera mama. Baada ya kupogoa, hesabu wiki sita hadi nane. Kata nusu ya miche Julai 20, nusu iliyobaki wiki moja baadaye, ili usitegemee siku moja. Kata mshazari, juu kidogo ya jicho (pale panapochipua) linalotazama nje. Siku ya siku chuma alfajiri, umande ungalipo, uyaweke kivulini kwenye ungo pamoja na asumini na rihani mpaka msokotaji afike.