Deni halijaisha mpaka karatasi iseme

Kamwene, mwanangu.

Unauliza kama ukilipa madeni yote kwa mpigo, ya mikopo ya simu na salio la mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, jina lako litakuwa safi utakapoomba mkopo wa nyumba. Nami nakuuliza: hao utakaowalipa watakuandikia barua gani? Maana deni halijaisha mpaka karatasi iseme limeisha. Hilo nimewaimbia wote watatu tangu mkiwa wadogo.

Si unaikumbuka mashine ya kupasulia mbao, ile tuliyokuwa tukiivuta hadi vitaluni Sao Hill? Mkopo wake niliumaliza wewe ukiwa kidato cha pili. Afisa mikopo akanishika mkono: "Mzee, umetutoa kimasomaso." Baadaye nikaenda benki Iringa kuomba fedha za kuezeka. Kijana akafungua taarifa zangu kwenye kompyuta, akatamka kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni: "Mzee, mbona una mkopo chechefu?" Mbele ya jirani yetu wa Kinyanambo! Chechefu ni mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa, na mimi sikuwahi kuruka hata rejesho moja.

Bahati mama yako alizitunza stakabadhi zote kwenye droo ya cherehani. Nikarudi nazo. Ya mwisho ilikuwa na muhuri wa bluu, na juu yake maneno ya kalamu: "Malipo ya mwisho". Yule kijana akaigeuza mbele na nyuma, sauti ikashuka. Kumbe walionikopesha hawakupeleka taarifa kwamba nimemaliza. Barua niliyoihitaji kwao ilikuwa ya mistari miwili tu, lakini kila nikienda meneja yuko kikaoni. Ilipopatikana, bati zilishapanda bei, na chumba chenu kikakaa na turubai masika nzima. Pole hawakunipa mpaka leo.

Benki Kuu ilitoa kanuni 2012, na tangu hapo taarifa za wakopaji huingia kwenye kanzidata yake. Kampuni kama Creditinfo Tanzania ndizo hutoa ripoti ambazo benki husoma. Una haki ya kuiomba yako na kupinga kilichokosewa. Iombe wewe kwanza, kabla benki haijaisoma. Na ujue kwamba kulipa hakufuti ya nyuma. Mkopo wa simu uliouchelewesha utaonekana umefungwa, na kuchelewa kwako kutaonekana palepale. Hata hivyo, afadhali aliyechelewa akamaliza kuliko anayedaiwa bado.

Sasa Bodi. Wanakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mtumishi wa umma kama wewe lazima abakiwe na theluthi ya mshahara wake. Ukiwamaliza, unapata nafasi ya kukatwa rejesho la nyumba. Basi walipe. Lakini ngoja kwanza: benki nayo itataka utangulize fedha yako mwenyewe kwenye bei ya nyumba, na akiba ikiishia kwenye madeni utatanguliza nini? Mama yako anasema akiba isiguswe. Juzi nilikuwa upande wake. Leo asubuhi nimepiga hesabu tena, nimeyumba. Ya simu lipa, hilo sina ubishi nalo, yale ni kausha damu. La Bodi nina neno mdomoni, ila nyumba ni yako na mwenzio. Kaeni mlipime wenyewe.

Yeyote utakayemlipa, usitoke ofisini kwake bila barua yenye muhuri, yenye jina lako kamili na namba ya mkopo. Wakikuambia "iko kwenye mfumo", kaa hapohapo kwenye benchi. Deni halijaisha mpaka karatasi iseme.

Na huyo anayewauzia nyumba Uyole, hati ina jina lake au la marehemu baba yake? Hukuniambia, na benki italiuliza hilo mapema.

Baba yako,
Mafinga