Kigoda cha babu ni bei gani?

SWALI: Mhariri, hamjambo huko. Sisi ni klabu ya mtaa hapa Manyatta, Kisumu, tuko kama arobaini hivi na paa la ukumbi wetu linavuja vibaya sana, tunataka mabati mapya. Harambee zimechosha watu, kila wiki kadi ya mchango, ukiona namba ngeni unaogopa hata kushika simu. Mmoja wetu alikuwa Uingereza akaona watu wanaleta vitu vya zamani vya nyumbani, mtaalamu anaviangalia anasema ni bei gani, na wanalipia hiyo kuangaliwa tu. Huku itashika kweli? Na huyo mtaalamu tutamtoa wapi? – Mama mweka hazina

JIBU: Dada, itashika, lakini piga hesabu kwanza. Kitu kimoja kikiangaliwa vizuri kinachukua dakika kumi, mkiwa na meza tatu ni vitu 18 kwa saa, saa tano ni 90, na mkitoza sh100 kila kitu mmepata 9,000. Hiyo ni mabati mangapi? Pesa iko kwa laini ya wanaongoja, mtu mwenye nambari 60 atangoja masaa na njaa itamshika, kwa hivyo wekeni samaki, chapo, chai, soda, na kamati yenu nzuri zaidi ikae jikoni.

Wataalamu, anzieni Makumbusho ya Kisumu, muombe mtu wa kusema kitu ni nini na kilitumika vipi, lakini msimlazimishe kutaja bei, watu wa makumbusho kwa kawaida hawataji. Bei ya fedha na dhahabu muulize sonara, na mtafute mtu mmoja anayekusanya sarafu. Halafu hii sitaki mjadala: anayekadiria hanunui. Akimwambia mzee kitu chako ni mia mbili halafu akutwe getini akimpatia mia tano, klabu yenu imeisha jina mpaka Kondele.

Sasa mtaletewa nini? Senti zenye tundu katikati, mkebe baada ya mkebe, na nyingi hazina bei ya maana. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946 ina fedha robo yake, zile za 1948 kuendelea ni nikeli na shaba tu. Kisumu ni mji wa reli (reli ilifika hapa 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence) kwa hivyo taa za reli hazitakosa, someni herufi, yenye EAR&H (East African Railways and Harbours, shirika la reli na bandari) ni ya 1948 au baadaye hata kama mwenyewe anaapa ni ya babu wa babu yake. Na waambieni watu mapema wasisugue kitu, sarafu ikishang'arishwa na majivu bei imeanguka. Pia atatokea mtu anayeuliza cherehani za Singer eti zina zebaki nyekundu ndani, kitu kinachodaiwa kuwa cha bei ya ajabu. Huo uvumi uliwasumbua watu Saudi Arabia 2009 na ni uongo mtupu, mtoeni.

Kwa tangazo andikeni wazi: bangili za pembe ya ndovu, ngozi ya chui, kofia za wazee zenye meno ya kiboko, zibaki nyumbani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi kama ulirithi, inauliza kibali. Na kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kwa sheria ya makumbusho ya 2006 hakitoki nchini bila kibali, kwa hivyo mtalii akianza kuzungukazunguka na mabunda ya noti mpeni chai aende.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni vijana. Mjukuu atakuja na kigoda cha miguu mitatu au nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) ya marehemu, hajaambia mtu, na nyinyi mkimtajia bei kubwa kwa maikrofoni jioni hiyo hiyo kuna vita bomani, na usiku wezi wanajua nyumba. Bei isemwe polepole mezani, iandikwe kwa karatasi, na ukiona kitu ni cha boma muulize nani mwingine anajua umekibeba. Akianza kuangalia chini, mwambie arudi na mjomba. Na juu ya hiyo karatasi pigeni muhuri MAKISIO kwa herufi kubwa, maana kuna mmoja lazima ataenda nayo benki kuomba loni.